Mhasibu wa dola 86 na mzee wa kazi: Hofu ya kutoka mezani ilivyogeuzwa kuwa hesabu

Mei 2003, Las Vegas, usiku mkubwa. Ndani ya kasino kongwe ya Binion's Horseshoe wamebaki wanaume wawili kati ya 839 walioanza mashindano. Rundo la noti za dola limeletwa mezani ili kila mtu aone kinachogombewa. Wa kwanza anaondoka na dola milioni 2.5. Wa pili anabeba milioni 1.3. Si haba kwa wa pili, lakini hebu angalia hiyo tofauti.

Upande mmoja kakaa mzee wa kazi, mzaliwa wa Lebanon, mtanashati, sigara mdomoni ambayo wala haijawashwa. Kamari ndo ofisi yake miaka nenda rudi. Upande wa pili yupo kijana wa miaka 27 kutoka Tennessee, kofia kichwani na miwani ya jua usiku, mhasibu wa kuajiriwa, ambaye kabla ya wiki ile hakuwahi kucheza mashindano ya poka ana kwa ana na watu. Jina kapuni, ila jina lake la ukoo, la kuzaliwa kabisa, ukilitafsiri kwa Kiswahili unapata "mtengeneza pesa". Wengi walidhani ni a.k.a.

Kwa wale wa arubastini na last card, poka hii ya Texas inakwenda hivi. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Katikati ya meza zinafunuliwa karata tano za wote: kwanza tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Unaunganisha zako na za mezani kupata tano bora. Kila zinapofunuliwa watu wanaweka dau, wanafuata dau la mwenzao, wanalipandisha au wanatupa karata na kukaa pembeni. Na kwenye hii isiyo na kikomo, muda wowote unaweza kusukuma mbele chipu zako zote. (Chipu za plastiki bana, si chipsi mayai.) Ukisukuma zote na mwenzako akatupa, umekula mzigo bila kuonesha una nini.

Mhasibu ana kingi ya shupaza na saba ya kopa. Mzee wa kazi ana kwini ya shupaza na tisa ya kopa. Zinafunuliwa tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza. Mzee kashapata jozi ya tisa, yuko mbele. Inakuja nane ya shupaza, na sasa mhasibu ana matumaini ya kila aina: shupaza moja zaidi itampa tano za shupaza, tano au kumi itampa mfululizo. Karata ya mwisho inafunuliwa: tatu ya kopa. Patupu. Hana hata jozi.

Akasukuma zote.

Mzee akamwangalia, akamuuliza kama vipi, shupaza zimekukataa nini? Yaani alishasoma kitabu chote hadi ukurasa wa mwisho. Mhasibu kimya, kama sanamu. Mzee akafikiria, akafikiria, akatupa jozi yake ya tisa. Kapigwa changa la macho mbele ya kamera, na mamilioni ya watu walikuja kuiona kwenye televisheni zikiwa karata za wote wawili ziko wazi. Muda si mrefu baadaye mhasibu alimaliza kazi kwa tano na nne, karata ambazo mtu wa kawaida hata hazitazami mara mbili, zilizogeuka kuwa tano tatu na nne mbili.

Watu wengi wakiisimulia stori hii wanaishia kwenye bahati. Kijana kabahatika, kabeba mkwanja, kwisha habari. Lakini swali zuri liko upande wa pili wa meza: mtu aliyeshajua kwamba mwenzake kakosa shupaza, kwa nini alitupa karata? Jibu lake lilianza kujengwa zaidi ya miaka 30 kabla ya usiku ule.

Mashindano yale yalianza 1970 kwenye kasino hiyohiyo. Mwenye kasino alikuwa mzee wa Kitexas mwenye historia nzito, aliyewahi kwenda jela kwa kukwepa kodi, na wageni wake walikuwa wacheza kamari wa barabarani, watu wa kusini waliokuwa wakizunguka mji hadi mji kutafuta meza. Maisha yao yalikuwa ya kuvizia polisi mlango wa mbele na majambazi mlango wa nyuma. Mwaka wa kwanza hakukuwa na mashindano ya mtoano kabisa. Walicheza siku kadhaa, halafu wakapiga kura nani mkali wao. Inasimuliwa kwamba kura ya kwanza kila mtu alijipigia mwenyewe, na kwa kuwajua watu wale, si ngumu kuamini.

1971 ndo wakaja na mtoano: chipu zikikuisha, umetoka, hakuna kununua nyingine. Mwaka uliofuata kiingilio kikawa dola 10,000, na mpaka leo ni 10,000 ileile. Wachezaji walikuwa wanane tu.

Hapa kuna jambo ambalo watu waliliona taratibu sana. Poka ya kawaida ya pesa taslimu na poka ya mtoano zinafanana kwa macho, ila ni michezo miwili. Kwenye pesa taslimu, ukipoteza unatoa nyingine mfukoni, ukichoka unaaga. Kwenye mtoano hununui tena na huagi. Halafu kuna dau la lazima: kila mgao, watu wawili wanawekeshwa dau kabla hawajaona karata, na kiwango kinapanda kila baada ya muda. Ukisema ukae ukisubiri ree mbili kama unasubiri mwendokasi kituoni, dau la lazima linakula chipu zako kidogo kidogo mpaka unaisha bila hata kupigana. Kwa hiyo una hofu mbili kwa wakati mmoja, hofu ya kutoka na hofu ya kukauka, na zinakuvuta pande tofauti.

Wa kwanza kuitumia hofu ya wenzake kama silaha, na kuiandika kitabuni, alikuwa Mtexas mmoja jitu kubwa aliyechukua ubingwa 1976 na 1977 mfululizo. Miaka yote miwili mgao wa mwisho alishinda akiwa na kumi na mbili, karata mbaya mno, mpaka leo wachezaji wanaziita kwa jina lake. 1978 akatoa kitabu kinene kwa fedha zake mwenyewe, akakiuza dola 100, bei ambayo enzi zile ilikuwa kichaa. Ndani aliandika jambo ambalo wazee wenzake hawakutaka litoke nje: shambulia. Usisubiri karata nzuri. Pandisha dau mara kwa mara, okota vile vimzigo vidogo ambavyo hakuna mtu anataka kufa navyo, na vimzigo hivyo vitalipia siku utakapokamatwa. Baadaye alikiri kitabu kilimgharimu, maana watu walianza kumsoma yeye mwenyewe mezani.

Mwaka huohuo wa 1978 kulifanyika badiliko lingine ambalo halikupigiwa kelele. Awali mshindi alikuwa anabeba chote. Sasa zawadi ikagawanywa kwa watu watano wa mwisho. Inaonekana kama suala la ukarimu tu, lakini kimahesabu mchezo ulibadilika siku ile. Hiyo tutaifikia.

Kwanza kuna jamaa wa 1982, kwa sababu huwezi kuzungumzia mtoano ukamruka. Ulikuwa mwaka wa kwanza wachezaji kuvuka mia, walikuwa 104. Mtexas mmoja mrefu sana, mwenye ndevu, alisukuma chipu zake mbele na kupoteza. Akanyanyuka kuondoka. Kumbe imebaki chipu moja mezani, imejificha. Na kwa kuwa hakutamka kwamba anaweka zote, akaruhusiwa kuendelea. Akaizungusha ile chipu moja hadi ubingwa na dola 520,000. Ndo ukazaliwa msemo wa wacheza poka kwamba ukiwa na chipu moja na kiti, bado upo. Kuna watu wameufanya msemo ule dini, wakawa wanang'ang'ania kuishi tu mezani. Wamemwelewa vibaya. Yule hakushinda kwa kujificha na chipu yake. Aliiweka katikati tena na tena ikawa inazaa.

Zama zilezile alitokea kijana wa New York, mwembamba kama njiti, bingwa wa 1980 na 1981. Wanaomkumbuka wanasema hawakuwahi kuona mtu asiyeogopa namna ile. Kwake chipu hazikuwa na uhusiano wowote na pesa, alikuwa anazisukuma kama mtoto anayecheza na vizibo vya soda. Mtindo huo ulimpa ubingwa wa tatu 1997, dola milioni moja, ambayo aligawana na tajiri aliyemlipia kiingilio kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na kitu. Dawa za kulevya na kamari za farasi na michezo zilikuwa zimekomba vyote. Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye chumba cha moteli ya bei chee Las Vegas, mfukoni akiwa na dola mia kadhaa. Umri miaka 45. Kutokuogopa kulimfanya asishikike mezani, na nje ya meza hakukuwa na mtu wa kumgawia chipu upya.

Sasa turudi kwenye zile zawadi zilizogawanywa. 1987 mtakwimu mmoja wa Marekani, aliyewahi kufanya kazi idara ya sensa, alichapisha njia ya kupima chipu za mtoano zina thamani gani ya pesa. Hesabu yenyewe inafanana na ile iliyoandikwa 1973 kwa ajili ya mbio za farasi. Usiogope, ni ndogo.

Chukulia mmebaki watatu, wewe, Juma na Asha, kila mmoja ana chipu sawa. Zawadi ni shilingi milioni 50, milioni 30 na milioni 20. Jumla milioni 100, mko sawa, kwa hiyo kila mtu "ana" milioni 33.3. Juma kasukuma zote. Wewe ukimfuata, mmoja wenu anatoka na milioni 20. Waliobaki wameshajihakikishia milioni 30 kila mmoja, na kinachogombewa ni milioni 20 za juu. Atakayeshinda kati yako na Juma atakuwa na theluthi mbili za chipu zote, kwa hiyo thamani yake ni milioni 43.3.

Umeona? Ukishinda unapanda kwa milioni 10. Ukishindwa unashuka kwa milioni 13.3. Chipu zimeongezeka mara mbili lakini pesa haijaongezeka mara mbili. Na Asha, ambaye kakaa pembeni anakunywa maji, kapanda kutoka milioni 33.3 hadi 36.7 bila kugusa karata. Ile milioni 3.3 imetoka kwenu nyie wawili mliogombana.

Kwa hiyo ili ikulipe kumfuata Juma, haitoshi kuwa na nafasi ya nusu kwa nusu. Unahitaji kushinda zaidi ya asilimia 57. Lakini aliyesukuma wa kwanza, Juma, ana njia mbili za kupata: wewe utupe, au mfuatane ashinde. Wewe unayefuata una njia moja tu, kushinda. Ndo maana kitabu kingine kilichotoka 2002, cha mwanahisabati wa kamari wa Las Vegas, kilisisitiza kwamba karata za kumfuata mtu aliyeshapandisha dau lazima ziwe nzuri kuliko karata ambazo wewe mwenyewe ungepandishia. Kile ambacho Mtexas wa kumi na mbili alikijua kwa hisia za mwili, sasa kilikuwa kwenye karatasi. Hofu ya kutoka ina bei. Anayesukuma kwanza anamuuzia mwenzake.

Mwanahisabati huyo akaenda mbali zaidi, akatunga mpango wa mtu asiyejua poka kabisa: ukiwa na karata fulani sukuma zote, usipokuwa nazo tupa, hakuna la katikati. Wajuzi wakacheka. Lakini ukimkuta mtu wa namna hiyo mezani, ujuzi wako wa kusoma sura, kuvuta mchezo, kumpeleka mtu taratibu mpaka ajae, wote umelala. Ama unaweka maisha yako ama unatupa.

Katikati ya haya ndo akaingia mhasibu.

Alijiunga kupitia intaneti, kwenye mashindano madogo ya kufuzu, kiingilio dola 86. Akapita, akaingia hatua ya pili. Watatu wa kwanza wa hatua hiyo walikuwa wanapata tiketi ya Las Vegas yenye thamani ya dola 10,000. Wa nne anapata dola 8,000 taslimu. Jamaa ana mkopo kwenye kadi, kaoa juzi juzi, tiketi haiuziki. Akaamua kwa makusudi amalize wa nne achukue zake taslimu. Ni rafiki yake aliyemng'ang'ania asifanye hivyo, akaahidi kumsaidia hela ya safari kwa kununua sehemu ya ushindi wake. Baba yake naye akanunua sehemu. Yaani historia nzima ya poka ya kisasa ilikaribia kuuzwa kwa dola 8,000 na mtu mwenye akili timamu, kwa sababu kwa mfuko wake usiku ule, 8,000 taslimu ilikuwa kubwa kuliko tiketi ya 10,000.

Kwa hiyo rudi sasa kwenye kingi na saba. Mzee wa kazi alijiona bora kuliko yule mtoto, na alikuwa bora kweli. Mtu anayejiona bora kwenye mtoano ana falsafa moja: usihatarishe yote sasa hivi, mpunguze mwenzako kidogo kidogo, nafasi nzuri zaidi itakuja. Kwenye meza yenye watu wengi falsafa hiyo ina mantiki yote ya hesabu ya Asha na Juma. Lakini pale walibaki wawili. Kila mmoja kashajihakikishia milioni 1.3, na milioni 1.2 iliyobaki inagawanyika sawasawa na chipu. Hakuna Asha wa kunufaika pembeni. Adhabu ya kufuata imeshafutika, na mzee alicheza kama bado ipo. Jozi ya tisa dhidi ya mtoto aliyekosa shupaza ndo ilikuwa ile nafasi nzuri yenyewe. Ni rahisi kusema ukiwa kwenye kochi karata zote unaziona. Bado, alikuwa ameshamsoma.

Halafu televisheni ikafanya yake. Kamera ndogo za kuonesha karata za siri zilishatumika Uingereza tangu 1999, na sasa Wamarekani wakaona kwa macho yao mhasibu akimzuga mtu wa kazi. Angalia namba za wachezaji: 2003 walikuwa 839. 2004 wakawa 2,576. 2005 wakawa 5,619. 2006 wakawa 8,773. Zawadi ya kwanza ikatoka milioni 2.5, kwenda 5, kwenda 7.5, kwenda milioni 12. Kila mwenye jirani aliyecheza karata alijiuliza, kama yule kaweza, mimi vipi?

Mashindano ya watu elfu nane si mashindano ya watu mia moja yaliyokuzwa. Ni siku na siku za kucheza, saa kumi na zaidi kwa siku, meza inavunjwa unahamishiwa kwa watu wapya usiowajua, na yule uliyemsoma tangu asubuhi anatoka kabla hujamtumia. Bingwa wa 1995, mwanasheria wa Boston mwenye historia ya chesi, mtu mpole anayecheza karata chache, aliifikia meza ya mwisho 2003 na tena 2004. Kati ya 839 akawa wa tatu, kati ya 2,576 akawa wa nne. Hilo lilitikisa watu kuliko hata ubingwa wenyewe, na mwishoni mwa 2004 alipoanza kutoa vitabu vyake, vilinunuliwa kama maandazi ya asubuhi.

Alichofundisha ni kuacha kujilinganisha na chipu za jirani na kuanza kuangalia saa. Kwanza jumlisha yote yanayokutoka kwa lazima katika mzunguko mmoja wa meza, kisha gawa chipu zako kwa hiyo. Una chipu 30,000, mzunguko unakula 5,000, jibu ni 6. Yaani ukikaa kimya una mizunguko sita ya kuishi. Zaidi ya 20 umestarehe, cheza unavyotaka. Chini ya 10 anza kuchagua vita. Ukishuka kwenye tano, kupandisha dau kidogo kidogo ni kupoteza muda, silaha yako imebaki moja, kusukuma zote ukiwa wa kwanza, wakati chipu zako bado zinaweza kumtisha mtu. Ukisubiri mpaka ufike moja, hakuna atakayekuogopa, watakufuata na karata yoyote. Wale waliokuwa wanasubiri karata nzuri kwa uvumilivu wakagundua uvumilivu wao ulikuwa kifo cha polepole.

2006 ilikuwa zamu ya upande wa pili wa shilingi. Bingwa alikuwa wakala wa zamani wa wasanii wa Hollywood, mdomo mrefu, aliyeongoza kwa chipu karibu wiki nzima. Aliwaambia watu karata zake, mara kweli mara uongo, wakati mwingine anakuonesha kabisa, na bado wakakosea. Mwenye mlima wa chipu anaweza kukutoa wewe, wewe huwezi kumtoa yeye. Kila mgao mnaogombana, anayeweka roho rehani ni wewe tu. Alibeba milioni 12, halafu kesi ikafuata: mwenzake akadai waliahidiana nusu. Pesa ikazuiwa kwa muda mahakamani, mwisho wakamalizana pembeni.

Nusu hiyo si jambo la ajabu kwenye ulimwengu huu. 2009 kijana wa miaka 21 kutoka Michigan alivunja rekodi ya bingwa mdogo kuliko wote, zawadi yake dola milioni 8.5, na nusu ikaenda kwa matajiri waliomlipia kiingilio. Alikuwa mmoja wa watoto wa intaneti, waliokuwa wanacheza meza kadhaa kwa wakati mmoja, wakipitia kwa mwaka migao ambayo wazee wa Texas waliihitaji maisha yote. Watoto hao walijua kitu ambacho televisheni haikuonesha: hata ukiwa mkali vipi, kwenye mashindano ya maelfu ya watu mara nyingi utatoka mikono mitupu. Mwaka 2023 waliingia 10,043. Waliolipwa ni kama 1,500, na wa chini kabisa akapata 15,000 kwa kiingilio cha 10,000. Wengine zaidi ya elfu nane walirudi na stori. Ndo maana wanaocheza kama kazi wanauziana vipande vya ushindi, na wanahesabu mafanikio kwa miaka.

Mkeka ukichanika, umechanika wenyewe ukiwa kwenye daladala. Huku unakaa siku sita unajichania mwenyewe kwa mikono yako.

Baadaye ikaja mashine. Januari 2017, Pittsburgh, programu ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon ilicheza migao 120,000 na wataalamu wanne wa poka isiyo na kikomo, mmoja mmoja, ikawagonga wote. 2019 nyingine ikashinda meza ya watu sita. Kilichowashangaza wataalamu ni jinsi ilivyokuwa inasukuma madau makubwa kuliko mzigo wenyewe wa mezani, kwenye nafasi ambazo binadamu angesita. Wachezaji wakaanza kuishi na programu za namna hiyo kwenye kompyuta zao, wakikariri mgao gani unasukuma, mgao gani unatupa, kwa asilimia.

2024, wachezaji 10,112, rekodi mpya. Meza ya mwisho, bingwa mtarajiwa anainuka kila baada ya muda anaenda kwa marafiki zake waliokaa pembeni. Mmoja wao ni bingwa wa zamani. Mbele yao kuna kompyuta mpakato iliyofunguliwa. Kamera zikaiona, mitandao ikawaka moto. Wengine wakasema ni sawa na kocha kwenye ngumi, wengine wakasema yule aliyekaa kinyume chake alikuwa anacheza na watu watatu na mashine. Akashinda, milioni 10 zikatolewa, na kanuni za vifaa vya kielektroniki kwenye eneo lile zikakazwa kabla ya msimu uliofuata.

Msimu huo, 2025, waliingia 9,735. Aliyechukua ni jamaa wa Florida mwenye miaka 44, wa shule ya kizamani, anayecheza kwa kusoma watu, ambaye majira yaleyale alishachukua ubingwa mwingine wenye kiingilio cha dola 50,000. Siku chache kabla ya mwisho alikuwa amebakiwa na chipu za kuhesabu kwa vidole. Akazisukuma zote, wakamfuata, akashinda. Akazisukuma tena.